Kisima, zahanati na mkorosho kwenye ramani moja

Mwaka 1952 homa isiyojulikana iliwashika watu wa uwanda wa Makonde, upande wa Newala, mkoani Mtwara. Walioipata waliumwa viungo hadi kusimama wima kukawashinda, na wenyeji wakaipa jina la Kimakonde ambalo leo dunia nzima inalitumia: chikungunya, kile kinachomkunja mtu. Waliochunguza mlipuko ule, uliovuka hadi 1953, walikuta jambo ambalo mama yeyote wa Newala angewaeleza bila darubini. Juu ya uwanda maji ni ya shida na hufuatwa mbali, chini bondeni. Yakifika nyumbani hutunzwa kwenye mitungi na vyombo siku baada ya siku, na mbu wa Aedes aegypti anapenda kuzaliana kwenye maji ya namna hiyo hiyo.

Ugonjwa huo uliandikwa kwenye daftari la hospitali, lakini sababu yake ingepatikana kwenye daftari la maji. Zaidi ya miaka 70 imepita, na jambo linalonisumbua ni kwamba madaftari hayo mawili bado hayajazoea kusomana. Zahanati hupeleka takwimu zake kwenye DHIS2, mfumo wa kompyuta wa takwimu za afya uliobuniwa Chuo Kikuu cha Oslo nchini Norwe. Vituo vya kuchotea maji vijijini viko chini ya RUWASA, wakala wa maji vijijini ulioanza kazi 2019. Wakulima wa korosho huandikishwa kwa ajili ya pembejeo. Kila upande una orodha yake ya vijiji, na kila orodha ina namna yake ya kuviandika.

Wanaotetea viwango vya pamoja vya data za kijiografia, yaani taarifa zinazoonyesha kitu kiko wapi, wanataka makubaliano ya mambo matatu: kijiji kiwe na namba moja inayotumiwa na idara zote, mahali papimwe kwa kipimo kimoja, na kumbukumbu iandikwe kwa namna ambayo kompyuta ya idara nyingine itaisoma bila mtu kukaa wiki nzima akirekebisha. Hili la tatu lina wenyewe duniani. Shirika la Open Geospatial Consortium limekuwa likitunga kanuni hizo tangu 1994, na GeoJSON, muundo wa kuandikia data za mahali ambao programu nyingi za ramani huusoma bila taabu, ulipewa kanuni rasmi ya kimataifa 2016. Hapo sioni ubishi mkubwa. Ubishi uko kwenye mawili ya kwanza, na kwa mikoa yetu ya Kusini uzito wake ni wa kweli.

Chukua kipimo. Ramani za zamani za karatasi za Tanzania zilichorwa kwa msingi wa upimaji uitwao Arc 1960. Simu ya mkononi hutumia msingi mwingine, WGS 84. Ukisoma namba za mahali kutoka kwenye ramani ya karatasi, kisha ukaziingiza kwenye simu bila kuzigeuza, utaangukia kama mita 300 mbali na pale ulipokusudia. Anayetafuta mji mkubwa hatapata hasara. Lakini pale Newala, kwenye ukingo wa uwanda ambapo ardhi inashuka kwa ghafla kuelekea mto Ruvuma, mita 300 zinaweza kukihamisha kisima kutoka bondeni hadi katikati ya nyumba za watu. Mtu wa ofisini atakayeiona ramani hiyo ataamini kuwa kaya zile zina maji mlangoni.

Halafu kuna mipaka, na kwangu hili ndilo zito kuliko yote. Sensa ya 2012 iliukuta mkoa wa Mtwara una halmashauri saba. Ile ya 2022 ilikuta tisa, baada ya Nanyamba na Newala Mji kupata halmashauri zao. Lindi Vijijini ya zamani haipo tena kwa jina hilo: sehemu kubwa yake ni Mtama, na kata nyingine zimeingizwa Manispaa ya Lindi. Katika kipindi hicho hicho watu wa mkoa wa Lindi waliongezeka kutoka 864,652 hadi 1,194,028, na wa Mtwara kutoka 1,270,854 hadi 1,634,947. Sasa mwulize mtu wa takwimu kama kichocho kimepungua Lindi Vijijini katika miaka hiyo kumi. Akijibu haraka, usimwamini. Kata zinapohama na wagonjwa wake, ugonjwa unaweza kuonekana umeshuka upande mmoja na kuzuka upande wa pili, ilhali hakuna aliyepona wala aliyeugua. Dawa hupelekwa kwa kufuata takwimu hizo. Kama kijiji kingekuwa na namba yake isiyobadilika, pamoja na kumbukumbu ya wilaya zote kilizopitia, kosa hili lingeonekana mapema.

Mfano mwingine uko mashambani. Mikorosho inapoanza kutoa maua, wakulima hupuliza salfa ya unga kupambana na ubwiriunga, ugonjwa wa ukungu unaoshambulia maua. Unga huo huwasha macho na kukereketa koo na mapafu, na upepo haujui mpaka wa shamba. Je, wagonjwa wa kifua huongezeka katika zahanati zilizozungukwa na mikorosho wakati wa kupuliza? Swali hili linahitaji mambo mawili tu: kujua salfa imetumika wapi na lini, na kujua nani alikohoa wapi na lini. Yote mawili huandikwa. Yanachokosa ni namba moja ya kijiji ya kuyaunganisha, kwa hiyo mzazi wa Tandahimba anayeona mtoto wake akibanwa kifua kila msimu anabaki na hisia yake, na mkulima aliye jirani yake anabaki na yake.

Upande wa pili una hoja nzito, na si haki kuzipita juu juu. Julai 2022 watu wa Ruangwa, mkoani Lindi, waliugua homa, kichwa kikawauma, wengine wakatokwa damu puani. Walioripotiwa kuugua walikuwa 20, na watatu walifariki. Kwa siku kadhaa nchi nzima iliuita ugonjwa wa ajabu, hadi maabara ilipoutambua kuwa ni homa ya mgunda, inayoenezwa na mkojo wa wanyama wenye vimelea. Jibu halikutoka kwenye ramani. Lilitokana na wahudumu walioona kwamba wagonjwa wao hawafanani na wa malaria, na sampuli zilizofika maabara. Anayesema fedha za mifumo ya ramani ziende kwanza kwenye vipimo vya zahanati ana Ruangwa mkononi kama ushahidi, na mimi sina namna ya kumkatalia. Ninachoongeza ni kwamba baada ya jina la ugonjwa kupatikana, maswali yaliyofuata yote yalikuwa ya mahali: maji yapi, mashamba yapi, wanyama wapi.

Hoja ya pili inawahusu wanaofanya kazi yenyewe. Mhudumu wa afya ngazi ya jamii tayari anajaza fomu kwa ajili ya kila mradi unaopita. Ukimwongezea kishikwambi na kanuni mpya bila kumpunguzia daftari hata moja, atakuandikia namba akiwa amekaa kivulini, na ramani itapendeza lakini itakuwa ya uongo. Kiwango kinachoongeza kazi huku chini ili kuwapunguzia kazi walio juu, kwa maoni yangu, hakifai hata kama kimeandikwa vizuri.

Ya tatu ndiyo inayonigusa zaidi. Matende na mabusha ni ugonjwa wa pwani yetu wa miaka mingi, na kingatiba hugawiwa nyumba kwa nyumba. Anayegawa dawa anajua nani ana busha. Ni siri kati yake na mwenye nyumba, na aibu inayozunguka ugonjwa huu imewafanya wanaume wengi wajifungie ndani badala ya kwenda kufanyiwa upasuaji. Weka nukta ya nyumba hiyo kwenye ramani inayosomeka na kila idara, ufute jina, kisha useme umeficha. Katika kitongoji cha nyumba 12 nukta yenyewe ni jina. Sheria ya Ulinzi wa Taarifa Binafsi ya 2022 inazihesabu taarifa za afya kuwa nyeti, lakini sheria ilitungwa kwa ajili ya faili, na watu wengi bado hawaioni nukta kama faili.

Kwa hiyo mimi siungi mkono kila kitu kinachobebwa kwa jina la viwango vya pamoja. Naunga mkono namba moja ya kijiji, kipimo kimoja cha mahali, na orodha za wazi za visima, zahanati na mashamba. Vitu hivyo havina aibu, na kuvificha hakumlindi mtu. Nukta ya mgonjwa ibaki zahanati, na kinachotoka nje kiwe hesabu ya kijiji. Kijiji kikiwa kidogo mno, itoke ya kata. Mtafiti atalalamika kwamba amepoteza undani, na atakuwa amepoteza kweli. Ni hasara ninayokubali, kwa sababu mtu akishajua kwamba kueleza ugonjwa wake ni kuichorea nyumba yake alama, hatarudi zahanati, na hapo hata hiyo hesabu ya kijiji itakuwa ya uongo.

Kuna jambo moja linalobaki gumu hata kwa utaratibu huo. Ruvuma haiwatenganishi watu wa kando zake. Wanavuka kwa mitumbwi na kwa daraja la Mtambaswala, wana ndugu huku na huko, na homa huvuka nao. Msumbiji ina orodha yake ya vijiji, majina yameandikwa kwa tahajia ya Kireno, na mgonjwa aliyetoka ng'ambo huandikwa hapa chini ya kijiji alikofikia. Kukubaliana ndani ya Mtwara na Lindi ni kazi ya wakuu wa idara kukaa meza moja. Kukubaliana na ng'ambo kunahitaji mkataba wa nchi mbili, na mazungumzo hayo ni bora yaanze mto ukiwa shwari, kabla hakujawa na wagonjwa kwenye ngazi za zahanati.