Sweta la Julai

Julai Dodoma ni mwezi wa sweta. Asubuhi sokoni Majengo upepo unakata, wauza mchicha wamejitanda kanga mbili mbili. Katikati yao mama wa miaka 49, muuza karanga, anavua sweta lake, anajifuta jasho shingoni kwa pindo la kanga, na baada ya dakika chache analivaa tena. Miezi minane hajaona siku zake. Zahanati walimpima malaria, hana, akarudi na panadol.

Wapo wanaosema hilo si la kuvalia njuga. Kukoma hedhi si ugonjwa, bibi zetu walipita humo bila daktari, na nchi ambayo bado inapoteza wazazi leba isihangaike na jasho. Hoja ina uzito. Tena mwaka 2002 Marekani walisimamisha kabla ya wakati jaribio la vidonge vya estrojeni na projestini, homoni za kike wanazopewa waliokoma hedhi, lililohusisha wanawake zaidi ya 16,000: kwa kila 10,000 waliovimeza, kila mwaka waliongezeka 8 wa saratani ya matiti na 8 wa kiharusi. Wanawake wengi waliacha vidonge, na hofu ikasambaa dunia nzima.

Ila tazama waliopimwa ni akina nani. Walikuwa na miaka 50 hadi 79, wastani 63. Si wa rika la muuza karanga wetu. Takwimu zilipochambuliwa upya kwa umri, wa miaka ya hamsini walionekana kuwa na hatari ndogo zaidi, na hata mwanzoni waliovunjika nyonga walipungua 5 kwa kila 10,000, jambo ambalo halikupigiwa kelele. Novemba 2025 mamlaka ya dawa ya Marekani ikatangaza kuliondoa onyo kali lililowekwa kwenye dawa hizo baada ya jaribio lile, kwa nyingi za aina hiyo. Miaka 23!

Na kusema "litapita tu"? Utafiti mwingine wa Marekani uliwafuatilia wanawake waliosumbuliwa mara kwa mara na joto hili la ghafla linaloleta jasho: nusu yao lilidumu zaidi ya miaka 7, na kwa Weusi zaidi ya 10. Mjukuu anazaliwa na kuanza shule ya msingi, bibi bado anavua sweta.

Si kwamba watafiti hawaijui njia ya huku. Miaka ya 1980 akina Kristen Hawkes, mwanaanthropolojia wa Marekani, walikaa na Wahadzabe kando ya Ziwa Eyasi, wakaona wanawake waliokwisha koma hedhi wakitumia saa nyingi kuchimba mizizi kuliko mabinti zao. Ikazaliwa nadharia kwamba binadamu huishi miaka mingi baada ya uzazi kwa sababu bibi hulisha wajukuu. Naipenda. Lakini inaeleza faida ya bibi kwa wengine. Usingizi wake mwenyewe ni swali jingine.

Mimi sishabikii homoni kila zahanati. Aliyewahi kuugua saratani ya matiti, au anayetokwa damu isiyoeleweka, hapaswi kupewa kienyeji. Ninachodai ni kidogo: kipimo cha presha, na swali "mara ya mwisho uliona siku zako lini?" Mama huyu kitabibu hajakoma bado, huhesabiwa baada ya miezi 12, kwa hiyo hata mimba inawezekana, na hakuna aliyemwambia. Kadi yake ya mwisho ya kliniki ni ya kitindamimba wake, ambaye sasa yuko kidato cha pili.