Mikoko, Kuta na Mamlaka ya Wenyeji katika Pwani ya Kusini

Mei 2024 mvua za kimbunga Hidaya zilikata barabara kuu ya Dar es Salaam na Lindi upande wa Kilwa, na kwa siku kadhaa mikoa ya kusini haikufikika kwa gari kutoka kaskazini. Miaka mitano kabla ya hapo, Aprili 2019, kimbunga Kenneth kilipokuwa kikielekea Cabo Delgado nchini Msumbiji, ng'ambo ya mto Ruvuma, wakazi wa sehemu za chini za Mtwara waliagizwa wahamie mahali palipoinuka. Lindi nayo ilipigwa na kimbunga Aprili 1952. Matukio haya yameipa uzito hoja iliyokuwa ikiachiwa wanamazingira peke yao: kwamba miji na vijiji vya pwani hii vilindwe kwa mikoko, matumbawe, vichaka na mabonde yaliyoachwa wazi, na kwamba wenyeji wanaoyafahamu maeneo hayo ndio waiongoze kazi. Wapinzani wa hoja hii husema kwamba maji hayazuiliwi kwa mila, yanazuiliwa kwa zege. Nikizipima pande hizi mbili, naona zote zinagombania ubora wa ujuzi, wakati mradi mmoja baada ya mwingine umekwama mahali pengine kabisa, yaani kwenye suala la nani ana haki ya kuamua na nani anafaidika.

Tuanze na nguvu ya hoja ya kwanza. Tafiti zilizofanywa katika nchi mbalimbali zinaonyesha kwamba ukanda wa mikoko wenye upana wa mita 100 unaweza kupunguza kimo cha mawimbi ya kawaida kwa kati ya asilimia 13 na 66, kutegemea aina ya miti, msongamano wa mizizi na kina cha maji. Mizizi hiyo hushika tope linaloletwa na mito kama Lukuledi na Mbwemkuru, hivyo ufukwe hujengeka badala ya kuliwa. Ukuta wa zege hauwezi kufanya hivyo. Unapochakaa unadai fedha, na mara nyingi unayasukuma mawimbi yakachimbe ufukwe wa jirani ambaye hana ukuta.

Hapa ndipo ujuzi wa wenyeji unapoonekana kwa faida yake halisi. Mvuvi au mama anayeokota chaza na kaa hahitaji ramani ili kujua kwamba kati ya aina za mikoko, mlilana husimama mbele, mahali ambapo maji hufika karibu kila siku, kwamba mkandaa hupenda sehemu ya nyuma yenye tope gumu, na kwamba mchu huvumilia chumvi kali na huchipua tena ukikatwa. Anajua pia maji ya bamvua, yale yanayojaa kuliko kawaida, yanaishia wapi, na maji mafu, yale yasiyojaa sana, yanaacha tope gani likikaukia juani. Katika pwani ambayo maji hupanda na kushuka kwa zaidi ya mita tatu wakati wa bamvua, tofauti ya hatua chache inatosha kuamua mche upone au ufe.

Miradi mingi ya upandaji imelipuuza jambo hilo. Aina inayopendwa ni ule mkoko wenye mizizi mirefu ya kuegemea, kwa sababu miche yake hudondoka ikiwa tayari, ni mirefu, huokotwa kwa wingi na huchomekwa kwenye tope bila kitalu. Watu hukusanyika, picha hupigwa, idadi ya miche huandikwa kwenye ripoti. Baada ya tsunami ya 2004, Sri Lanka ilipanda miche mingi kwa njia ya namna hii, na sehemu kubwa ilikufa kwa sababu iliwekwa mahali pasipofaa, mara nyingi chini mno, ambako maji hukaa muda mrefu. Ufukwe wa tope usio na miti kwa kawaida una sababu ya kutokuwa na miti, na anayeupita kila siku akienda mwambani anaijua sababu hiyo. Mara nyingi kinachohitajika ni kufungua njia ya maji iliyozibwa na tuta la shamba la chumvi lililoachwa, kisha kuyaacha maji yalete mbegu yenyewe. Kazi hiyo ni rahisi kuliko kupanda, lakini haina sherehe.

Hata hivyo, upande wa pili una hoja ambazo hazipaswi kufunikwa kwa heshima tunayowapa wazee. Kwanza, si kila desturi ya pwani ni ya kuhifadhi. Chokaa iliyojengea nyumba za kale za Mikindani na Kilwa ilitokana na matumbawe yaliyochomwa, na katika ghuba ya Mikindani matumbawe yaliendelea kuchimbwa na kuchomwa kwa kuni, za mikoko zikiwemo, hadi nyakati zetu. Boriti za mikoko zimeezeka nyumba na kuvuka bahari kwa majahazi kwa karne nyingi. Uvuvi wa baruti, ulioiharibu miamba ya Mtwara na Lindi kwa miongo kadhaa, haukuwa wa jadi, lakini baadhi ya waliorusha baruti na wengi wa walionunua samaki wake walikuwa wenyeji vilevile. Anayesema kwamba jamii ikiachiwa rasilimali itailinda kwa sababu tu ni yake anaisoma nusu ya historia.

Pili, kuna tatizo la ukubwa. Mikoko inayopunguza mawimbi ndani ya mita 100 haiwezi kwa upana huo kuzuia bahari inayoinuliwa na kimbunga. Kwa hilo unahitajika msitu wa kilomita kadhaa, na kila kilomita hupunguza kina cha maji kwa sentimita chache hadi nusu mita hivi. Mji wa Lindi, uliobanwa kati ya vilima na ghuba, hauna nafasi hiyo mbele yake. Tatu, mazingira yaliyozaa ujuzi wenyewe yamebadilika. Katika nyanda za juu za Makonde, ambako udongo wa kichanga hunywa mvua yote na mito haipo, wakulima walikuwa wakiacha shamba lirudi kuwa kichaka kwa miaka mingi kabla ya kulifyeka tena. Ardhi ilirudi na nguvu zake. Watu walipokusanywa vijijini miaka ya 1970, na mikorosho ikatawala ardhi, muda wa kuipumzisha ulifupika. Ujuzi haukupotea, nafasi ya kuutumia ndiyo iliyobanwa.

Mfano unaonisaidia kupima pande hizi uko Kilwa. Magofu ya Kilwa Kisiwani na Songo Mnara, yaliyoingizwa katika Urithi wa Dunia mwaka 1981, yaliwekwa kwenye orodha ya urithi ulio hatarini mwaka 2004, na mmomonyoko wa bahari ulikuwa miongoni mwa sababu zilizoyatishia. Yaliondolewa kwenye orodha hiyo mwaka 2014, baada ya kazi iliyochanganya kuta za kinga na upandaji wa mikoko, pamoja na mafundi wa kisiwani waliokarabati majengo kwa mawe na chokaa. Ukuta ulihitajika pale ambapo jengo limeshafika ukingoni mwa maji, kwa kuwa mche hauna muda wa kukua kabla ukuta wa gofu haujaanguka. Kwingineko mikoko ilitosha. Anayetaka chombo kimoja kwa pwani nzima, kiwe zege au mti, hataupata mfano wake hapo.

Mijini hali ni hiyo hiyo. Mtwara-Mikindani ilikuwa miongoni mwa miji saba iliyojengewa barabara na mifereji kupitia mradi wa miji ya kimkakati uliogharamiwa kwa mkopo wa Benki ya Dunia, na hakuna mkazi wa mitaa iliyokuwa ikigeuka dimbwi atakayetaka mifereji hiyo ifukiwe. Lakini mfereji huyatoa maji hapa na kuyapeleka pale. Sehemu za bonde zilizokuwa zikiyapokea zikigawiwa viwanja, mfereji unakosa mahali pa kumwaga. Wenyeji wa mtaa huwa wanajua bonde lilikuwa wapi. Wangeulizwa kabla ya kupimwa viwanja, gharama ya kuuliza ingekuwa ndogo sana.

Sasa narudi kwenye mamlaka, kwa kuwa ndiyo sehemu inayoniuma. Chini ya Sheria ya Misitu ya mwaka 2002, kijiji kinaweza kutenga msitu katika ardhi yake, kuusimamia na kubaki na mapato yake. Huko Kilwa, vijiji vya Kikole na Kisangi, vikisaidiwa na shirika la uhifadhi wa mpingo, vilipata mwaka 2009 cheti cha kimataifa cha usimamizi bora wa misitu, na kuuza magogo kwa bei ambayo awali waliipata wafanyabiashara tu. Katika misitu hiyo hata moto, ambao kwa muda mrefu ulionekana kama dhambi ya mwanakijiji, umerudishwa kama chombo: nyasi huchomwa mapema, mwanzoni mwa kiangazi, kabla hazijakauka kiasi cha kuua miche. Hapo ujuzi, sheria na kipato vilikutana.

Mikoko haiko hivyo. Ni hifadhi ya serikali, chini ya Wakala wa Huduma za Misitu, na mwanakijiji huitwa kuipanda bila kuwa na neno katika kuipangia. Katika Hifadhi ya Bahari ya Ghuba ya Mnazi na Maingilio ya Mto Ruvuma, iliyoanzishwa mwaka 2000 ikiwa na vijiji ndani ya mipaka yake, wavuvi wamelalamika kwamba masharti yalifika kabla ya manufaa. Serikali ina hoja yake: mpingo una soko, mkoko hauna soko halali la namna hiyo, na kamati ya kijiji inaweza kutekwa na wachache kama ofisi yoyote. Naikubali hofu hiyo, hasa kwa kuwa kamati nyingi husikiliza wanaume wenye mitumbwi kuliko wanawake wanaoshinda kwenye tope. Lakini hofu ya kutekwa hutibiwa kwa mahesabu yaliyo wazi na mikutano ya kijiji yenye nguvu ya kisheria, si kwa kuwanyima watu wote.

Sheria hiyo hiyo ya Misitu inaruhusu makubaliano ya usimamizi wa pamoja kati ya serikali na vijiji kwa misitu ya serikali. Kwa mikoko ya Lindi, ambako mtambo wa kusindika gesi unatarajiwa kujengwa Likong'o, makubaliano hayo yangepaswa kusainiwa kabla ujenzi haujaanza, yakitaja mgawo wa mapato, nafasi za wanawake katika kamati, maeneo ya kuachwa yajioteshe na yale ambayo ukuta hauepukiki. Na fedha za upandaji zilipwe kwa miche iliyo hai baada ya miaka mitatu, ikihesabiwa na kijiji chenyewe mbele ya ofisa wa misitu.