Uzamifu wa maabara una faida gani kwa mawe ya Nyanza na Nakuru?

Huko Gogo Falls, kando ya mto Kuja katika kaunti ya Migori, wachimbaji walifukua vipande vya obsidiani, kile kioo cheusi cha volkano ambacho watu wa kale walikichonga kuwa visu. Chimbuko la jiwe hilo haliko Nyanza. Ukishika mkononi vipande viwili kutoka milima miwili tofauti huwezi kuvipambanua, lakini eksirei inaweza, kwa sababu kila mlima una kiasi chake cha zirkoniamu na rubidiamu. Walipopima, sehemu kubwa ya vipande vya Gogo Falls ilionekana imetoka mlima Eburru, juu ya Ziwa Naivasha, karibu kilomita 200 upande wa mashariki. Wafugaji walioishi Gogo Falls miaka ipatayo 2,000 iliyopita walikuwa na njia ya kupata jiwe hilo kutoka Bonde la Ufa, wakati mawe mengine yalikuwa tele mlangoni pao.

Majibu ya namna hii ndiyo yanayowavuta vijana wetu kwenye uzamifu (masomo ya PhD) wa sayansi ya turathi. Vyuo vya Ulaya vimeufanya uwanja wenye mipango yake. Uingereza, kwa mfano, ilianzisha mwaka 2014 kituo cha SEAHA, kilichounganisha University College London, Oxford na Brighton, ili mwanafunzi wa fizikia, kemia au uhandisi afanyie uzamifu wake turathi, akisimamiwa na chuo huku akishirikiana na makumbusho au shirika la turathi. Kijana wa Njoro au wa Maseno anaposoma tangazo la nafasi kama hiyo, swali halisi huwa ni hili: akienda miaka minne kukaa na mashine, atarudi na kitu kinachohitajika huku?

Wapo wanaojibu kwa haraka kwamba hapana, na hoja yao ina uzito. Nitaifikia. Kwanza tuutazame upande wa mashine, maana historia ya Nyanza yenyewe ina kisa kinachoutetea vizuri kuliko tangazo lolote la chuo.

Mwaka 1932 Louis Leakey, mtafiti wa mabaki ya kale, alitangaza kwamba huko Kanam, kwenye rasi ya Homa, umepatikana mfupa wa taya la binadamu wa kale sana. Wataalamu wa Uingereza waliupokea kwa heshima. Mwaka 1935 mwanajiolojia Percy Boswell akaja kujionea mwenyewe. Leakey alikuwa ameziweka alama sehemu zake kwa vigingi vya chuma, lakini vigingi havikuwepo; wenyeji walikuwa wameving'oa, chuma kikapata kazi nyingine uvuvini. Picha aliyoitegemea nayo ilithibitika kuwa ya mahali pengine. Boswell aliandika barua katika jarida la Nature kueleza kwamba mahali penyewe hapajulikani, na sifa ya Leakey ikaporomoka kwa miaka. Hoja kuhusu taya ile haikufika hata kwenye umri wa mfupa. Ilikwama kwenye swali la ulitoka shimo gani.

Leo mwanafunzi mwenye kipokezi cha setilaiti na droni angelimaliza jambo hilo asubuhi moja. Na rasi ileile imetoa ushahidi wa kile kinachowezekana vipimo vikiwa imara. Nyayanga, mwendo mfupi kutoka Kanam, ilitangazwa mwaka 2023 kuwa na zana za mawe na mifupa ya viboko waliochinjwa, vyote vya kati ya miaka milioni 2.6 na milioni 3 iliyopita. Mwaka 2025 vipimo vya kemia vikaonyesha kuwa baadhi ya mawe yale yalibebwa hadi kilomita 13 kabla ya kuchongwa. Jicho peke yake, hata la mchimbaji hodari, lisingelijua hilo.

Sasa upande wa pili. Kipimo cha DNA ya kale hula kile kinachopimwa. Sehemu inayotafutwa zaidi ni mfupa mgumu wa fuvu unaozunguka sikio la ndani, kwa kuwa ndio unaohifadhi DNA vizuri zaidi katika nchi za joto. Unatobolewa, unasagwa kuwa unga, na unga hautarudi kuwa mfupa. Utafiti uliochapishwa katika jarida la Science mwaka 2019 ulipima watu 41 wa kale kutoka Kenya na Tanzania. Nakuru ilichangia sana: Pango la Mto Njoro, Pango la Egerton, Molo, Hyrax Hill, Deloraine karibu na Rongai. Matokeo ni ya maana. Yule wa Deloraine, wa miaka elfu moja na ushei iliyopita, alionekana ana nasaba ya karibu na wasemaji wa lugha za Kibantu, tofauti kabisa na wafugaji waliomtangulia bondeni.

Anayeipinga sayansi ya aina hii haukatai ukweli huo. Anauliza ni mifupa mingapi imebaki, ni nani aliyeamua, na kama mkazi wa Njoro anayepita juu ya pango lile amewahi kuambiwa lolote. Sheria ya Makumbusho ya Taifa na Turathi ya 2006 inadai kibali kabla ya kuchimba na kabla ya kutoa mali ya kale nje ya nchi, na hilo ni jema. Lakini kibali ni karatasi kati ya mtafiti na serikali, na mara nyingi kijiji hakimo kwenye karatasi hiyo.

Kuna pia hoja ya pesa, ambayo wasomi hupenda kuipita kimyakimya. Mashine hizi zinataka umeme usiokatika, vipuri na fundi. Mtu akizoea maabara ya Oxford halafu akarudi kufundisha kwenye chuo chenye darubini mbili, ujuzi wake unakaa kama trekta isiyo na dizeli. Si kosa lake. Ila ni kweli kwamba baadhi hawarudi, na wanaorudi huendelea kuandika makala kwa sampuli zilizobaki kule walikosomea.

Mimi nadhani pande zote mbili zinakosea mahali pamoja: zinapima sayansi kwa ukubwa wa mashine. Tazama Kakapel, jabali lenye michoro ya kale huko Teso, kaunti ya Busia. Mwaka 2024 watafiti, wakiwemo wa Makumbusho ya Taifa, walichapisha habari za mbegu zilizochimbwa hapo, na kati yake kunde za miaka ipatayo 2,300 iliyopita, mazao ya zamani zaidi yaliyopimwa umri moja kwa moja katika Afrika Mashariki. Mbegu hizo zilipatikanaje? Udongo ulitiwa ndani ya maji na kukorogwa, mbegu zilizoungua zikaelea kwa kuwa ni nyepesi, zikachujwa kwa wavu mwembamba na kuanikwa. Hiyo nayo ni sayansi, na ni kazi ambayo mtu wa Amagoro anaweza kujifunza kwa wiki moja. Mashine kubwa iliingia mwishoni tu, kupima kaboni ya mbegu chache, na kwa kazi hiyo siku hizi si lazima kuvuka bahari. Maabara ya iThemba LABS ya Johannesburg, Afrika Kusini, inaifanya. (Kunde hizo ndizo zilezile tunazokula majani yake, na sijui kwa nini vitabu vya shule bado vinaanza historia ya kilimo na Misri.)

Kwa hiyo kijana akiniuliza, nitamwambia aende, lakini aende na swali la hapa. Na swali ambalo mimi ningempa haligusi mfupa wa mtu yeyote. Thimlich Ohinga, boma la kale la mawe katika kaunti ya Migori, iliyoingizwa katika orodha ya Urithi wa Dunia mwaka 2018, ina kuta za mawe yaliyopangwa bila saruji wala udongo, mahali pengine zikizidi mita 4 kwa kimo. Siri ya kusimama kwake imo ndani: mawe yamepangwa kwa makini upande wa nje na upande wa ndani, na katikati zimeshindiliwa kokoto ndogo zinazoshika pande mbili pamoja. Mzizi wa mti ukiingia katikati, kokoto zinateremka, ukuta unavimba tumbo, na mvua kubwa inayofuata inaumaliza. Uvimbe huo huanza kwa sentimita chache zisizoonekana na mtu anayepita hapo kila siku.

Hapo ndipo uzamifu ungelipa. Piga picha mamia za ukuta uleule kila msimu, ziunganishe kwenye kompyuta kuwa umbo la pande tatu, linganisha la mwaka huu na la mwaka jana, utajua ni kipande kipi cha kushughulikiwa kabla hakijaanguka. Kamera ya kawaida inatosha. Kinachohitaji daktari wa falsafa ni hesabu: uvimbe wa kiasi gani ni wa kawaida, na wa kiasi gani ni hatari, kwa ukuta ambao hakuna kitabu cha uhandisi kilichowahi kuuandikia kanuni. Na kinachomhitaji fundi wa kijiji ni kulirudisha jiwe mahali pake bila kutia saruji.

Msimamizi wa tasnifu kule ng'ambo anaweza kuona kazi hiyo ni ndogo, haina DNA, haitaingia kwenye jarida kubwa. Hilo ni kikwazo cha kweli, kwa sababu mwanafunzi anahitaji kazi baada ya kuhitimu, na kazi hutolewa kwa kuhesabu majarida. Anayeweza kukiondoa ni mfadhili pamoja na vyuo vyetu wenyewe, pale Maseno au Egerton itakapokubali kumpandisha cheo mhadhiri kwa ukuta uliobaki umesimama kama inavyompandisha kwa makala.