Mauna Kea: Barabara ya 1964 na Mkataba wa 1968

Mjadala kuhusu darubini za Mauna Kea, mlima wa kisiwa cha Hawaii wenye kimo cha mita 4,205, kwa kawaida huanzishwa na matukio ya 2015 na 2019, pale wenyeji walipoziba barabara kuzuia ujenzi wa darubini ya kioo cha mita 30. Wanaoitetea darubini hiyo husema kwamba pingamizi limechelewa, kwa kuwa vituo vya falaki vimekuwapo mlimani kwa nusu karne, na wanaoipinga hujibu kwamba hawakuulizwa tangu siku ya kwanza. Pande zote mbili huizungumzia miaka ya mwanzo kana kwamba ni tukio moja, na nadhani hapo ndipo zinapokosea. Kati ya 1964 na 1968 yalifanyika maamuzi mawili yenye uzito tofauti, na la kwanza lina utetezi ambao la pili halina.

Tarehe 23 Mei 1960 tsunami iliyotokana na tetemeko la Chile iliupiga mji wa Hilo, ulio chini ya mlima huo, ikaua watu 61 na kusomba sehemu kubwa ya mtaa wake wa biashara. Katika kuhangaikia uchumi mpya, Mitsuo Akiyama, katibu wa chama cha wafanyabiashara wa kisiwa, aliandika barua kwa vyuo vikuu vya Marekani na Japani kueleza kwamba kwao kuna mlima unaofaa kwa darubini. Aliyeitikia ni mwanafalaki Gerard Kuiper wa Chuo Kikuu cha Arizona, ambaye wakati huo alikuwa akipima hali ya anga juu ya Haleakala, katika kisiwa jirani cha Maui, na aliuona Mauna Kea ukichomoza juu ya mawingu huku yeye mwenyewe akisumbuliwa na ukungu. Gavana John Burns akatoa fedha, tingatinga likachonga njia hadi Pu'u Poli'ahu, mojawapo ya vilima vya kileleni, na Julai 1964 likazinduliwa hapo kuba dogo lenye darubini ya sentimita 32.

Hoja ya kisayansi ilikuwa nzito. Mlima uliosimama peke yake baharini hupitiwa na upepo usiovurugwa na milima mingine, kwa hiyo nyota hazimetimeti sana na taswira zake hazitawanyiki. Hewa yenye joto zaidi iliyo juu ya mawingu ya bahari huyazuia yasipande, na sehemu kubwa ya mvuke hubaki chini pamoja nayo, jambo lenye thamani kubwa kwa anayepima mwanga wa infraredi, usioonekana kwa macho, kwa sababu mvuke huumeza. Zaidi ya hayo, kisiwa kiko takriban nyuzi 20 kaskazini mwa ikweta, kwa hiyo anga ya kaskazini yote na sehemu kubwa ya ile ya kusini huonekana. Alika Herring, mwangalizi wa Kuiper, alipima utulivu wa taswira kwa darubini ileile aliyokuwa ameitumia kwenye maeneo mengine, mbinu rahisi lakini ya busara, maana chombo kikiwa kimoja, tofauti inayoonekana ni ya mahali.

Mtu anaweza kusema kwamba tingatinga hilo ndilo lililoanza udhalimu wote. Pu'u Poli'ahu unaitwa kwa jina la mungu wa kike wa theluji, na jirani yake kuna ziwa Waiau, ambako familia za wenyeji hupeleka vitovu vya watoto wao. Msomaji wa Kiswahili hahitaji kuelezwa uzito wa mahali kilipozikwa kitovu. Aidha, barabara ikishachongwa, kila atakayefuata atasema anapita palipokwisha kupitwa. Nakubali hayo yote, lakini kilichopelekwa mlimani mwaka ule kilikuwa jaribio, na jaribio lingeweza kuondolewa. Ndivyo ilivyokuwa hatimaye, kwani leo kilima hicho hakina darubini hata moja, ingawa kovu la njia bado lipo.

Baada ya vipimo Kuiper aliiomba NASA fedha za darubini kubwa. NASA ikaamua kushindanisha maombi, Harvard ikaingia, na Chuo Kikuu cha Hawaii kikaleta pendekezo la John Jefferies, mtaalamu wa Jua ambaye hakuwa na historia ya kujenga darubini kubwa za usiku. Hawaii ikashinda, na Kuiper alibaki akiamini kwamba amenyang'anywa mlima wake. Neno "wake" hapo linastaajabisha kidogo. Ujenzi wa darubini ya mita 2.2 ulianza 1967 na kuchukua karibu miaka mitatu, kwenye kilele ambako oksijeni ni kama asilimia 60 ya ile ya pwani, ambako umeme ulitoka kwenye jenereta na dhoruba za theluji zilisimamisha kazi. Ilizinduliwa Juni 1970.

Katikati ya ujenzi huo ndipo lilipofanyika jambo ambalo naliona kuwa kosa lenyewe. Kuanzia Januari 1968 jimbo lilikipangisha chuo duara la ardhi lenye nusu kipenyo cha kilomita 4 hivi kuizunguka darubini, hadi mwisho wa 2033, kwa malipo ya jina tu. Nchi na taasisi zilizokuja baadaye zilipewa nafasi ndani ya duara hilo kwa dola 1 kwa mwaka, pamoja na kukiachia chuo sehemu ya muda wa kutumia darubini zao. Ardhi hiyo ilikuwa mali ya ufalme wa Hawaii uliopinduliwa 1893, na sheria iliyoifanya Hawaii kuwa jimbo mwaka 1959 iliitaja kuwa amana, mojawapo ya madhumuni yake ikiwa ni hali bora ya wenyeji.

Utetezi wa mkataba huo unajulikana: hakuna atakayemwaga mamilioni kwenye kilele cha barafu kwa kibali cha miaka mitano. Ni kweli, lakini hoja hiyo inahalalisha muda mrefu kwa darubini moja, kwenye kiwanja chake. Haihalalishi kumkabidhi mpangaji mmoja kilele kizima, bila kodi ya maana na bila sauti ya wenyeji. Na madai kwamba hakuna aliyelalamika hayasimami vizuri, kwa kuwa maombi ya wafanyabiashara wa Hilo si ridhaa ya Wahawaii wa asili, na kufikia katikati ya miaka ya 1970 wawindaji na watetezi wa mazingira walikwisha kupaza sauti. Mwaka 1998 mkaguzi wa jimbo aliukosoa vikali usimamizi wa chuo.

Matunda ya kisayansi nayo yasidharauliwe. Kwa darubini ileile ya mita 2.2, David Jewitt na Jane Luu waligundua mwaka 1992 gimba la kwanza, baada ya Pluto na mwezi wake, katika ukanda ulio nje ya obiti ya Neptuni, ambao leo unaitwa kwa jina la Kuiper. Lakini ugunduzi huo ulihitaji anga tulivu na kioo kizuri, haukuhitaji masharti yale ya ardhi.

Sheria ya jimbo ya 2022 imeunda mamlaka mpya ya kuusimamia mlima, yenye viti vya wenyeji, na darubini mbili zimekwisha kubomolewa. Kabla ya 2033 mamlaka hiyo italazimika kuamua itakachowapa waliobaki. Ingefaa kila darubini iwe na mkataba wake, wenye kodi halisi, muda wa kupitiwa upya na fedha za kuibomoa zilizowekwa kando kabla ya kibali kutolewa. Masharti kama hayo yangeweza kuandikwa mwaka 1968, na darubini ya mita 2.2 ingejengwa vilevile.