Ukuta au skrini: projekta ya sebuleni inahitaji nini?

Mtu akishanunua projekta, swali linalofuata ni pa kuimulikia, na hapo ndipo wapenzi wa sinema za nyumbani hugawanyika. Wapo wanaosema ukuta mweupe unatosha, skrini ni ya wenye hela za kuchezea. Wapo wanaosema bila skrini umenunua nusu ya mashine. Pande zote mbili zina hoja za kweli. Tatizo ni kwamba hubishania kitambaa na rangi kabla ya kukiangalia chumba: mwanga unaingia saa ngapi, na makochi yamekaa vipi.

Tuanze na ukuta, maana kila mtu anao. Uwezo wa uso kurudisha mwanga hupimwa kwa geini. Geini ya 1.0 ni ya uso mweupe usiong'aa, unaosambaza mwanga sawasawa kila upande. Ukuta wenye rangi nyeupe ya mati, yaani isiyong'aa, hauko mbali na hapo, na skrini nyingi nyeupe za bei nafuu nazo ziko kwenye 1.0 au 1.1. Kwa hiyo anayetegemea picha iwake zaidi kwa kuwa tu ametundika skrini nyeupe, atasubiri sana.

Kasoro za ukuta ziko kwingine. Picha ya inchi 100 ina upana wa sentimita 221. Projekta ya Full HD huugawa upana huo katika nukta 1,920, kila moja kama milimita 1.15, ya 4K hushuka hadi milimita 0.6 hivi. Lipu yenye chembechembe inazidi vipimo hivyo kirahisi, na maandishi madogo ya matokeo pembeni ya picha ndiyo huumia kwanza. Ukuta uliopigwa skimu, ile plasta laini ya kumalizia, na kusuguliwa msasa hauna shida hiyo. Halafu kuna rangi yenyewe. Kwetu rangi ya silk hupendwa kwa sababu mtoto akichora ukutani unafuta kwa kitambaa, lakini mng'ao wake huacha doa la mwanga katikati ya picha. Kremu nayo hutia unjano kwenye sura za watu. Unaweza kuurekebisha kwenye projekta, ila unalipa kwa kupoteza mwanga kidogo.

(Neno "4K" kwenye boksi la skrini lisikubabaishe. Skrini haina nukta. Wanachomaanisha ni kwamba kitambaa ni laini.)

Upande wa skrini una hoja yake iliyo imara: unyoofu na fremu. Skrini iliyovutwa kwenye fremu haina wimbi, na ukingo wake mweusi humeza mwanga unaomwagika pembeni, hivyo jicho huiona picha imekolea zaidi. Lakini hoja hii inaihusu skrini ya fremu, au ile ya kushusha yenye nyuzi za kuivuta pande mbili. Ile ya bei rahisi ya kushusha kwa mkono, au ya kusimama kwa miguu mitatu, baada ya muda hujikunja kingo na kufanya mawimbi. Kwenye filamu ya mazungumzo huenda usiyaone. Kwenye mpira, kamera ikikimbia na winga, mistari ya uwanja inacheza kama nyoka. Kati ya skrini ya namna hiyo na ukuta uliopigwa skimu vizuri, mimi nachukua ukuta bila kufikiri mara mbili.

Sasa mwanga. Projekta haiwezi kumulika weusi. Sehemu nyeusi ya picha ni pale ambapo haimuliki, na rangi utakayoiona pale ni ile ambayo chumba kimeiacha juu ya uso. Chukua projekta ya lumeni 500 za kweli (lumeni hupima mwanga unaotoka kwenye mashine) kwenye picha ya inchi 100. Chumba kikiwa giza, uso wa geini 1.0 hutoa kama niti 58 (niti hupima mwangaza ambao jicho linauona kwenye uso), na kiwango cha sinema za kidijitali ni niti 48, kwa hiyo uko vizuri kabisa. Acha mwanga wa luksi 50 (luksi hupima mwanga unaouangukia uso) uangukie uso huohuo, kiasi kinachoweza kupenya mapazia mepesi bila taabu, na weusi wako unapanda hadi niti 16. Weupe haufiki tena hata mara tano ya weusi. Picha ipo, lakini imepauka.

Hapo watu hukimbilia skrini ya kijivu, na hapo ndipo ninapotofautiana na wauzaji wanaoinadi kama dawa ya mwanga wa mchana. Kijivu cha kawaida kinapunguza mwanga wa dirishani na wa projekta kwa kiasi kilekile, na uwiano unabaki palepale. Faida yake iko usiku, kwenye sebule yenye kuta nyeupe, dari nyeupe na vigae vinavyong'aa, maana hapo mwanga wa picha yenyewe hugonga kuta na kurudi kuichafua picha. Kijivu hupunguza mrudio huo. Ni faida ya kweli, ila haiwezi kushindana na jua la alasiri.

Na jua la alasiri ndilo swali letu hasa. Mechi za Ligi Kuu ya England zinazoanza saa tisa alasiri kule, huku ni saa kumi na moja au kumi na mbili jioni, kutegemea majira yao. Za mapema zaidi zinatukuta saa nane na nusu au tisa na nusu. Jua la Dar es Salaam au Nairobi linakuwa bado lipo. Ligi ya Mabingwa, ambayo mechi zake nyingi hupigwa saa nne au saa tano usiku, ni mteja mwingine kabisa. Shabiki wa Jumamosi na mtazamaji wa filamu za usiku hawahitaji uso mmoja, hata wakiwa na projekta inayofanana.

Kwa mchana kuna skrini zinazokataa mwanga wa chumba. Zile za projekta inayokaa chini karibu kabisa na ukuta zina miinuko midogo ya mlalo: upande wa chini hurudisha mwanga wa mashine kwa watazamaji, upande wa juu ni mweusi na humeza mwanga wa dari. Teknolojia nzuri, ila ina masharti. Ukiipa projekta ya kutundika darini, itameza picha yako. Na imekusudiwa taa za juu, wakati kero yetu kubwa ni madirisha ya pembeni, ambayo tunayaacha wazi kwa sababu ya joto. Aina nyingine, pamoja na zile za geini kubwa ya 1.8 au 2.4, huelekeza mwanga katikati ya chumba. Sebule zetu makochi huzunguka pande tatu, na mgeni ndiye hupewa kochi la pembeni. Atakayeona picha iliyofifia ni yeye. Bei nayo inaweza kuikaribia ya projekta yenyewe.

Kabla ya kufika huko, jaribu ukubwa. Projekta nyingi ndogo zimeandikwa maelfu ya lumeni kwenye boksi ilhali lumeni za ANSI, yaani zilizopimwa kwa kiwango rasmi, ni 200 au pungufu. Lumeni 200 kwenye inchi 100 ni niti 23, haifiki hata nusu ya sinema. Kwenye inchi 60 ni niti 64, zaidi ya sinema. Hakuna skrini ya bei ya kawaida inayokupa ongezeko kama hilo.

Msimamo wangu ni huu: mwenye sebule ya kawaida apige skimu, apake mati nyeupe, pesa ya skrini anunue pazia zito la dirisha moja linalotazama ukuta huo, na azungushie picha ukingo mweusi. Mwenye projekta ya lumeni 1,500 za kweli na zaidi, anayetazama usiku, anunue fremu nyeupe ya 1.0. Wa pwani aichunguze nyuma yake mara kwa mara, kwa kuwa kitambaa kilichobanwa na ukuta wenye unyevu huota kuvu. Na anayetazama mpira wa alasiri tu, madirisha wazi, kochi limejaa hadi pembeni, televisheni ya inchi 65 itamfaa kuliko skrini yoyote niliyoitaja hapa.