Iliki ya Bei Mbaya

Siku niliyojua kwamba masikio yangu yameniaga, jirani alikuja kunipa habari ya kifo, nikamjibu kwamba nimeshiba.

Alisimama mlangoni jioni, kofia mkononi, akasema, "Mzee, msiba." Mimi nikasikia, "Umeshiba?" Nikajipapasa tumbo, nikamwambia, "Alhamdulillahi, sana tu. Mihogo ya leo ilikuwa laini." Yule bwana alinitazama kama mtu anayetazama nyumba ikiungua, kisha akaondoka. Mazishi yakapita bila mimi, na wiki nzima watu wa Ngamiani, mtaa wetu hapa Tanga, wakawa wanaulizana nilikosana lini na marehemu.

Masikio yenyewe niliyaacha korona. Kwa asiyeujua mkonge, korona ni ule mtambo unaoyaponda majani na kuyakwangua mpaka zinabaki nyuzi. Niliusimamia kuanzia 1979 hadi 2001, kwenye shamba moja njia ya Muheza. Ukishakolea kuzunguka, watu mnaongea kwa mikono na nyusi. Kinga yetu ilikuwa usufi tuliouchomoa kwenye mito ya kulalia, na wako waliouona hata huo ni uoga. Kelele ile haikuvunji sikio siku moja. Inalila taratibu kama mchwa, na kama mchwa, ina mahali inapopenda kuanzia.

Baada ya msiba ule wanangu walichanga, nikapandishwa basi la Dar es Salaam. Huko nikafungiwa kwenye kijumba kisichopitisha sauti, nikavishwa spika za masikioni, nikapewa kitufe nibonyeze kila nikisikia mlio. Mtaalamu alikuwa binti wa rika la kitinda mimba wangu. Akanionyesha mchoro: mstari unakwenda vizuri kwenye sauti nene, ukikaribia hezi 4000, kwenye sauti nyembamba, unaporomoka kama mlevi aliyekosa ngazi. Akaniambia, kwa kunikabili uso na kwa sauti ya kuhutubia uwanja, "Mzee, a, e, i, o, u unazipata. Zinazokutoroka ni s, sh, f, t na wenzao."

Sasa hapo Kiswahili kina bahati na kina balaa. Karibu kila silabi imeishia na irabu, kwa hiyo kiziwi wa namna yangu anaachiwa mifupa ya sentensi nzima, nyama anabandika mwenyewe. Na mimi ni mbandikaji hodari. Nikikosa kabisa cha kubandika, nina akiba ya neno moja ambalo limenivusha miaka kumi na tano: "Ndiyo." Linafaa kwa habari njema, linafaa kwa maulizo ya bei, linafaa hata kwa salamu kama ukilitabasamia. Msiba ule ulikuwa wa kwanza kulishinda.

Binti alinisukumia kipande cha sponji chenye uzi ndani ya tundu la sikio, akalijaza sikio ujiujiuji kwa bomba kubwa la plastiki kama fundi anayeziba ufa, akaniamuru nisitafune wala nisicheke mpaka ugande. Ukatoka umbo la sikio langu kwa ndani, kitu cha aibu kidogo kukitazama. Kutokana na hilo zikatengenezwa mashine mbili za kuingia sikioni moja kwa moja, za kahawia kufanana na ngozi yangu, kila moja na ukubwa wa korosho iliyonona. Ya kulia ina alama nyekundu, ya kushoto ya bluu. Thamani yake sitaitaja, ila mke wangu alipoambiwa alikaa chini kwanza.

Siku ya kwanza nilisikia mambo mengi ambayo sikuyaomba. Sauti yangu mwenyewe ilinijia kama ya mtu aliyedumbukia mtungini. Gazeti likifunuliwa linalia kama bati. Kumbe jokofu letu hunguruma, na kumbe mke wangu hujisemea peke yake jikoni, na katika hayo anayojisemea nami nimo. Nikimkumbatia mjukuu, mashine inapiga mluzi, maana sauti inatoka, inagonga bega lake na kurudi ilikotoka. Paka alihama nyumba siku tatu.

Masharti yalikuwa marefu kuliko ya mganga. Usiende nazo kuoga. Kila asubuhi zipige brashi huku tundu limeelekea chini, ili nta ya sikio idondoke badala ya kuzama ndani. Kichujio kikiziba, badilisha. Usiku fungua kimlango cha betri zipate hewa. Na betri zenyewe ni viumbe: zina vitundu vilivyozibwa kwa stika ya kahawia, ukiibandua zinaanza kuvuta pumzi, unazisubiri dakika moja au mbili ndipo unazitia. Zikishaanza kupumua, hata ukizirudishia stika hazirudi nyuma. Hilo la mwisho sikulisikia vizuri, nikasema ndiyo. Nilipofika Tanga nikabandua stika zote za paketi siku hiyohiyo, ili nisije kusumbuka mbele ya safari. Zilikata roho pamoja, kama abiria wa basi moja.

Pia nilipewa kikopo chenye vishanga vya kunyonya unyevu, mashine zilale humo. Vishanga vikibadilika rangi, vimeshiba maji, vibadilishwe. Masika ya Tanga yalivishibisha mapema. Sikuvibadilisha, kwa sababu nilidhani rangi ile mpya ni urembo. Katikati ya Aprili mashine zikaanza kukohoa: zinasema, zinakatika, zinasema nusu ya neno, zinanyamaza. Nikaenda barazani kuomba shauri.

Jirani yangu mmoja, fundi baiskeli, hajawahi kukosa shauri. Akanipigia kelele sikioni kwamba simu yake ilitumbukia kwenye ndoo ya maji, akaifukia ndani ya mchele, asubuhi ikaamka nzima. "Mchele unavuta maji, sheikh. Kwani ukiupika maji yanakwenda wapi?" Hoja ilikuwa nzito. Nikarudi nyumbani.

Mke wangu alikuwa Pangani kwa dada yake, na kabla ya kuondoka alikuwa ameshauchagua mchele wote na kuutia kwenye ndoo. Nikachota kopo moja, lile kopo la maziwa ya unga tunalopimia, nikatoa betri na kuziweka kwenye glasi chumbani (hapo nilikuwa na akili), nikazika mashine zote mbili ndani ya kopo. Nikaliweka rafu ya jikoni, juu ya ndoo, mahali pakavu. Yaani niliweka kopo la kupimia mchele, limejaa mchele, juu ya ndoo ya mchele, jikoni, halafu nikaenda kulala.

Kesho yake ilikuwa Jumapili, nina wageni watatu wa mchana, fundi baiskeli mmojawapo. Mkwe wangu, mke wa mwanangu wa pili, akaja na mtoto mgongoni kunisaidia kupika. Ni mtu wa Bumbuli, ana adabu, na sauti yake ni nyembamba kama uzi wa kushonea. Saa tatu akatokea mlangoni, akaniuliza jambo. Nikasikia vizuri kabisa, kwa kipimo changu: "Baba, nifike na kwenye soko?"

Niliona kasema "kwenye soko" badala ya "sokoni", nikamsamehe. Vijana wa siku hizi ndivyo wanavyoongea.

"Ndiyo, mama," nikamwambia. "Uwahi tu, jua lisipande. Na usisahau nazi."

Akaniangalia kidogo, akarudi jikoni. Nikajisifu moyoni: mazungumzo mazima bila mashine.

Saa saba tukanawa. Sinia la wali wa nazi likashushwa, maharage pembeni, na changu wa kukaanga. Harufu yake ilikuwa ya kumtoa mtu kwenye eda. Tukamega. Mimi, kama ilivyo desturi yangu nisiposikia, niliendesha karamu kwa tabasamu: mtu akifungua mdomo namwambia karibu, akiufunga namwambia usione haya, kula.

Tonge la tatu au la nne, fundi baiskeli akasita kutafuna. Akapeleka ulimi huku na huku, akatumbukiza vidole viwili mdomoni, akatoa kitu, akakifuta wali, akakigeuza kwenye mwanga. Kisha akakisogeza karibu na uso wangu akaniuliza. Mdomo wake niliuona wazi, na irabu zote nilizipata: i, i, i.

"Ndiyo," nikamjibu. "Ni iliki. Tafuna tu, inasafisha tumbo."

Hata leo sijui kwa nini alinitii. Nadhani ni kwa sababu mwenye nyumba akishasema chakula chake ni chakula, mgeni mstaarabu hana la kuongeza. Akakirudisha mdomoni, akakiuma kwa gego, kikakataa. Akakitoa tena. Safari hii ile alama nyekundu ikanikabili.

Niliruka nikapiga goti kwenye sinia.

Kilichofuata sikukisikia, nakieleza kwa macho. Midomo minne ikawa inaongea kwa pamoja. Mmoja akakimbilia uani na mkono kooni, kwa wasiwasi kwamba nyingine ameshaimeza. Mkwe wangu akaja mbio, akakiona kile kitu mkononi mwa fundi, akaweka mikono kichwani. Mwishowe akachukua daftari la shule la mjukuu, akaandika kwa herufi kubwa: BABA, SI NILIKUULIZA NIPIKE NA WA KWENYE KOPO UKASEMA NDIYO NIWAHI NA NISISAHAU NAZI.

Nipike, nifike. Kopo, soko. Nikatazama ule mstari, na kusema kweli, kwa masikio yangu hakuna tofauti kati yao hata ya senti.

Chini yake akaandika: BETRI ZIKO WAPI? Hapo mzaha ukakoma kwa dakika moja, kwa sababu hilo sharti hata mimi nilikuwa nimelisikia: betri ya kidonge ikimezwa inaunguza koo kwa ndani, na mtoto akiimeza ni hospitali palepale, hakuna kusubiri choo. Tukaenda chumbani sote, msafara. Glasi ikahesabiwa mbele ya mashahidi. Mbili. Yule wa uani akaruhusiwa kurudi.

Ikabaki kutafuta ya bluu. Sinia likachambuliwa punje kwa punje, na wazee wenye mvi wanaoheshimika mjini, kama kuku waliomwagiwa mtama. Haikuwamo. Hotipoti, haimo. Ndipo mjukuu wangu wa miaka mitano, ambaye muda wote alikuwa jikoni na ukoko wake kimya, akatokea akiwa ameishika kwa vidole viwili. Alikuwa ameitenga pembeni, kwa maelezo yake, "huyu mdudu mgumu". Ilikuwa imekaa chini kabisa ya sufuria, jirani na moto, imepata rangi.

Wiki iliyofuata nikapanda tena basi, kilomita zipatazo 350, mashine zangu zimefungwa kwenye leso. Yule binti alizifungua, akainusa moja, akaniandikia kwenye karatasi: "Mzee, hii ni nazi?"

Nikaandika: "Na chumvi kidogo."

Alicheka mpaka akavua miwani. Akaniambia mashine zilizofuliwa na suruali ameshapokea, zilizotafunwa na mbwa ndiyo usiseme, maana mbwa hupenda ule mluzi na harufu ya nta, ila za kupikwa hizi ndizo zake za kwanza. Na mchele, akaeleza, hausaidii: vumbi lake huingia kwenye vitundu na kuziba. Dawa ilikuwa vile vishanga vipya tu, vya bei ya chakula cha mchana.

Ya bluu ilikuwa maiti. Ya nyekundu, iliyokuwa juu juu, ilifufuka baada ya kubadilishiwa spika ya ndani. Ganda lake aliliacha lilelile, kwa kuwa jipya lingeniongezea gharama, na mimi wakati huo sikuwa mtu wa kutajiwa gharama. Kwa hiyo ninayoivaa leo ina alama ya gego la fundi baiskeli, kijishimo kimoja upande wa chini.

Mkwe wangu sasa akiniuliza jambo la jikoni ananishika mkono kwanza, kisha ananirudisha: "Baba, nimesema nini?" Nisipoweza kulirudia, hawashi moto.

Lile shimo la gego linapitisha hewa kidogo, na nikicheka au nikitafuna sauti inavuja, mashine inapiga mluzi. Hutokea sana barazani. Fundi baiskeli hata haachi spana. Husema tu, "Samahanini, jino langu linaniita."