Shemeji, mji wenyewe sio huu

Sisi tunaokaa Houston tunaelewa, wikendi ukitoka nje ya jiji unaendesha masaa mawili unakuta mji mwingine wenye baga zile zile, maduka yale yale na paking zile zile za kupaki nusu ya Tanga. Safari hii wife akagoma. Anataka kamji kadogo ka Kusini kenye mambo yake, watu wanakaa barazani na wanapika chakula chao. Akaperuzi wee mpaka akakapata: Natchitoches, Louisiana. Wafaransa wamekaanzisha 1714, yani kakubwa kiumri kuliko hata New Orleans, mtaa wa Front Street umetandikwa matofali, kuna duka la misumari na mazagazaga linauza tangu 1863, na chakula chao cha kujidai ni meat pie, kitu cha nyama ya kusaga kinazamishwa kwenye mafuta, mimi kwenye picha nikaona sambusa tu iliyokosa pembe. Hapo hapo nikasema mafuta ya gari juu yangu.

Dereva akawa shemeji, kaka yake wife, kafika Marekani juzi juzi ila kila kitu anajua yeye. Wenyeji wanautamka Nakitishi, shemeji akaiambia simu "Nachitochesi", simu nayo ikafikiria kidogo ikasema sawa twende. Barabara ya 59 kwenda kaskazini, misonobari huku misonobari kule, malori ya magogo, wife kalala siti ya nyuma. Baada ya Lufkin nikamuuliza, we shemeji, mbona hatujavuka mpaka wa Louisiana? Akanijibu mpaka wenyewe mdogo bana, huuoni.

Tukafika. Mji mzuri, matofali barabarani yapo, nyumba ya mbao nyeupe yenye baraza kama gesti tuliyobuku ipo, namba ndio hiyo hiyo (mitaa ya nchi hii majina yanafanana nchi nzima). Code ya mlango tuliyotumiwa ikagoma ila mlango ukafunguliwa na bibi mmoja wa Kizungu, mzee kabisa, kafurahi huyo! Karibuni wanangu, nilijua mngechelewa. Akatukalisha, akaleta chai ya baridi ina sukari mpaka meno yanalia, na keki ya pekani. Shemeji bila kuulizwa akabeba begi akapandisha ghorofani. Bibi wala hakushangaa, akamwambia chumba cha kushoto.

Tumepiga stori karibu nusu saa, habari za wazazi, habari za mvua, mpaka bibi akauliza sasa kwaya yenu inaimba saa ngapi kesho kanisani?

Wife akaniangalia. Mimi nikaangalia keki. Mwanamke ana hijabu kichwani, kwaya gani tena jamani!

Kumbe tupo Nacogdoches, Texas. Bibi alicheka mpaka akashika kiti, akasema hii miji watu wanaichanganya miaka yote, hadithi ya zamani inasema chifu mmoja wa Wacaddo, wenyeji wa asili wa huku, alikuwa na watoto mapacha, mmoja akamtuma upande wa mawio mwingine upande wa machweo, kila mmoja akaanzisha mji wake. Shemeji akadakia, "Si unaona, kumbe ni ndugu!" Dada yake hakumjibu, na mimi namjua, akinyamaza vile ndio balaa.

Bibi akatufungia keki iliyobaki, tukashika ile barabara ya 21 mpaka daraja la Toledo Bend, tukaingia Louisiana, kama masaa mawili mengine hivi. Natchitoches tumefika giza, taa zinacheza kwenye maji ya Cane River, ule uzuri nisiwadanganye, gari zima likasamehe. Tukakimbilia mgahawa kabla hawajafunga. Nikaagiza meat pie sita. Wife akamuuliza dada wa pale, humu nyama gani? Akajibu, honey, ni ng'ombe na nguruwe, ndio asili yake.

Masaa yote yale! Tukala za kamba wa mtoni, tamu kwa kweli, shemeji peke yake alimaliza nne.

Kufika gesti nafungua buti, begi jekundu la wife halipo. Shemeji akajikuna kisogo. "Lile jekundu? Si nililipandisha juu kwa bibi."

Basi usiku ule dada yake kalala na jezi yangu ya timu ya Coastal Union, na ukoo wao mzima ni mahasimu wao wa pale Tanga, African Sports.